Maswali ya Wasomaji: Fundi Aliyejifundisha Mosaiki Anakuaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa marumaru hapa Tegeta, Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya tangu nilipomaliza darasa la saba. Kwa miaka ya karibuni nimekuwa nikiyachukua mabaki ya kazi, pamoja na sahani na vikombe vilivyovunjika, na kuvitumia kutengeneza picha za vipande. Nilianza na ukuta wa uani kwa mama yangu, nikaja kwenye meza, na sasa natengeneza vyungu vya maua ambavyo watu wameanza kuvinunua. Sikufundishwa na mtu, na chuo cha sanaa sijakiona. Shida yangu ni kwamba kila ninachokitengeneza kinafanana na kilichotangulia: mkono umekuwa mwepesi, lakini kazi haisongi mbele. Naomba kujua watu waliojifundisha wenyewe sanaa hii na wakafika mbali walipitia hatua gani, na mimi nifanye nini. — Fundi wa marumaru, Tegeta.

JIBU: Ndugu yetu fundi, unaposema kwamba mkono umekuwa mwepesi huku kazi ikibaki palepale, umekwisha kuitaja shida yenyewe. Mkono wako ulikuwa umefunzwa kabla hujaanza sanaa, kwani unajua kukata, kubandika, kunyoosha kwa pima maji na kujaza grauti, yaani ule mchanganyiko laini wa saruji unaoziba viungo kati ya vigae, na kwa hiyo ulianzia mahali ambapo wengine hufika baada ya kuharibu vifaa vingi. Kilichobaki nyuma ni jicho, nalo halikui kwa kuongeza idadi ya vyungu. Nikiyatazama maisha ya watu waliojifundisha mosaiki, yaani hizo picha za vipande, naona kwamba kila hatua yao ya kweli ilikuja pale mtu alipojipa jambo asilojua kulifanya, akiwa mahali palepale na kwa vifaa vilevile.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa Raymond Isidore wa mji wa Chartres, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1964. Hakuwa msomi wa sanaa. Alifanya kazi za mikono na baadaye akawa mfagiaji wa makaburi ya mji. Nyumba yake ndogo aliijenga mwenyewe, na mwaka 1938 ndipo alipoanza kuipamba kwa vipande vya vyombo. Lakini kabla ya kubandika hata kipande kimoja, alikuwa ameviokota mashambani na majalalani bila mpango wowote, kwa kuwa tu rangi na mng'ao wake vilimpendeza, akavichambua, vizuri akaviweka na vibaya akavitupa, na lundo likakua kwenye kona ya bustani. Jambo hilo la kuchambua usilipite haraka. Mtu anayekaa na lundo la vipande na kujiuliza kipi kikae na kipi kitupwe amekwisha kuanza kazi ya sanaa, hata kama saruji bado imo ndani ya mfuko.

Isidore alianza ndani. Alizifunika kuta za vyumba, kisha vyombo vya nyumbani vyenyewe, kuanzia kitanda na meza hadi cherehani ya mkewe, na nyumba yote ikawa na ngozi moja ya maua na mapambo. Wengi wangeishia hapo, kwa sababu hapakuwa na ukuta mtupu uliobaki. Yeye alitoka nje, na kule nje maswali yalibadilika. Ukuta wa ua ni mpana, huonekana kwa mbali, na mwanga wake hubadilika kutwa nzima. Maua madogo yaliyopendeza karibu na kitanda yasingetosha. Ndipo zikaja picha za majengo, likiwemo kanisa kuu la Chartres ambalo kila mkazi wa mji huo huliona juu ya mapaa, na baadaye mandhari ya mji wa Yerusalemu. Akajenga pia kanisa dogo lililotawaliwa na rangi ya buluu. Kwa hiyo alitoka kwenye pambo akaenda kwenye picha, na kutoka kwenye picha akaenda kwenye jengo zima lenye fikra moja ya rangi, na safari hiyo yote haikutoka nje ya kiwanja chake. Mji wa Chartres uliinunua nyumba hiyo mwaka 1981, na miaka miwili baadaye ikaandikishwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria.

Wa pili atakuwa karibu zaidi na wewe, kwa sababu naye alikuwa fundi wa ujenzi. Simon Rodia alizaliwa Italia mwaka 1879, akahamia Marekani akiwa kijana mdogo, akafanya kazi za migodi, reli, zege na vigae. Mwaka 1921 alinunua kiwanja chembamba chenye umbo la pembetatu katika eneo la Watts, Los Angeles, na kwa miaka 33 iliyofuata, baada ya saa za kibarua na siku za mapumziko, akajenga minara ambayo mrefu zaidi unafikia takribani mita 30. Hakuchomelea wala kufunga kwa bolti. Alipinda nondo akitumia reli ya treni iliyopita karibu kama kigingi, akaziunganisha kwa kuzizungushia waya na wavu wa chuma, akazipaka saruji kwa mkono, na saruji ilipokuwa ingali mbichi akabandika humo vigae, makombe ya baharini, vitako vya chupa na vipande vya vyombo ambavyo vingine aliletewa na watoto wa mtaani.

Hakuwa na jukwaa la kupandia. Mnara wenyewe ndio uliokuwa ngazi yake: alijifunga mkanda kama ule wa wasafisha madirisha, akapanda na ndoo yake, akaunda duara moja la nondo lililofikiwa na mikono yake, akalipamba, na siku nyingine akasimama juu ya duara hilo kuunda jingine. Ndiyo maana minara ile ina vipimo vya mwili wa mtu mmoja, na ndiyo maana haifanani na kitu kilichochorwa kwanza kwenye karatasi. Na pale alipokosa vipande, au pengine alipotaka ukuta upumue, aligandamiza nyundo na zana zake nyingine, magunzi ya mahindi na vyuma vya mapambo kwenye saruji mbichi, akaacha alama zake zikauke. Kwa fundi, hilo ni badiliko kubwa la akili. Saruji haikuwa tena gundi iliyofichwa nyuma ya kigae. Ilikuwa sehemu ya picha.

Hapo naomba tuingie kwenye kazi yako. Ufundi wa marumaru umekufundisha kwamba kiungo kizuri ni kile kisichoonekana, kilichonyooka, chenye upana uleule kutoka mlangoni hadi dirishani. Katika mosaiki, viungo ndivyo vinavyochora. Ukitengeneza samaki na vipande vyake vikapangwa kwa mistari iliyolala kama sakafu ya sebule, utapata umbo la samaki lililokatwa kutoka sakafuni. Lakini ukianza na jicho, ukazungusha safu ya kwanza kulifuata, ukaacha safu zinazofuata zipinde na shavu, zinyooke ubavuni na kubanana tena mkiani, samaki ataogelea hata kama vipande vyote ni vya rangi moja. Hili hudai vipande visivyo vya mraba: kwenye mpindo utahitaji vilivyo vyembamba upande mmoja na vipana upande mwingine, na grainda haifai kwa kazi hiyo ndogo, bali koleo ya kukatia vigae yenye magurudumu mawili, au ile ya midomo ukiwa na subira. Kabla ya kubandika, pangilia vikavu, kisha rudi nyuma hatua chache na utazame mistari ya viungo peke yake, ukisahau rangi.

Rangi nayo ina somo lake. Mabaki ya kazi Dar es Salaam ni yaleyale: nyeupe, maziwa, kijivu na kahawia ya sakafu. Usiilalamikie hali hiyo mapema. Chukua vipande vyeupe tu, vya kigae cha bafuni, sahani ya kaure, kikombe cha udongo, sinki lililovunjika na mgongo wa kigae cha sakafu, uvipange kutoka kinachoelekea buluu hadi kinachoelekea njano, kisha tengeneza jani moja kwa weupe huo mtupu. Jaza nusu yake grauti nyeupe na nusu grauti nyeusi. Utaona kwamba nusu moja vipande vimeyeyuka na kuwa kitu kimoja, na nusu nyingine kila kipande kimesimama peke yake, ilhali hukubadili chochote ila rangi ya mstari wa milimita mbili au tatu. Fundi aliyeliona hilo kwa macho yake haachi tena grauti iwe jambo la kumalizia.

Vyombo vilivyovunjika usivikate vyote kuwa vya mraba. Ukingo wa sahani ni mpindo uliokwisha kukamilika, kitako cha kikombe ni duara lenye ukingo ulioinuka, na mkono wa kikombe hutoka nje ya ukuta na kutupa kivuli. Vitu hivyo vina umbo lake tayari, na kazi yako ni kuvitafutia mahali vinapohitajika.

Na kwa kuwa unakaa Tegeta, nenda Kunduchi ukayatazame makaburi ya kale ya nguzo yaliyo karibu na bahari. Mafundi wa pwani yetu walipachika bakuli za kaure kutoka China kwenye chokaa ya nguzo za makaburi, kule Kunduchi na pia Mambrui karibu na Malindi, muda mrefu kabla ya Isidore na Rodia kuzaliwa. Nyingi zimekwisha kung'olewa na yamebaki mashimo ya mviringo, lakini hata mashimo hayo yanafundisha. Fundi alikuwa na uso mkubwa wa chokaa tupu na bakuli chache tu, wala hakutafuta cha kuujazia. Alichagua mahali pa bakuli, akapaacha pengine pote patupu, na jicho likaenda moja kwa moja alikolitaka. Nadhani, bila kuiona kazi yako na kwa kusoma tu ulivyoieleza, kwamba kufanana kwa vyungu vyako kunatokana na kuvijaza vyote, kila mahali, kwa uzito uleule. Jaribu kutengeneza kimoja ambacho theluthi mbili yake ni saruji iliyopigwa vizuri na kuachwa wazi.

Mwisho kuhusu swali lako, vyungu vinavyokuletea fedha usiviache, kwa kuwa familia inakula. Lakini tenga mahali pamoja pasipouzwa, na naona ukuta wa uani kwa mama yako unafaa sana. Ule wa kwanza usiubomoe. Endelea pembeni yake, kila sehemu mpya ikiwa na jambo moja usilolijua bado, ili kazi ya mwanzo na ya leo zitazamane. Isidore na Rodia walikuwa na faida hiyo, kwamba makosa yao ya zamani yalibaki mbele ya macho yao kila asubuhi, na hakuna mwalimu aliyehitajika kuyataja.

SWALI: Mhariri mpendwa, pamoja na wanafunzi wangu tulipamba ukuta wa nje karibu na mabomba ya maji shuleni, kwa vipande vya sahani na vioo vya chupa. Baada ya muda vipande vimeanza kudondoka, na vilivyobaki vimetokwa na unga mweupe. Kioo cha kijani nacho kimekuwa cheusi tangu tulipokibandika. Tulikosea wapi? — Mwalimu wa sanaa, Likoni, Mombasa.

JIBU: Mwalimu wetu, unga mweupe ni chumvi. Huyeyuka katika maji yaliyomo ukutani, hutoka nayo hadi juu, na maji yanapokauka hubaki hapo. Ikiwa mchanga ulitoka ufukweni, chanzo umekipata, na kuusugua ukuta kutasaidia kwa siku chache tu. Tumia mchanga wa mtoni uliochekechwa, kwa kipimo cha saruji moja kwa mchanga tatu, na maji ya bomba. Chunguza pia kama bomba linavuja ndani ya ukuta, maana ukuta usiokauka hautaacha kutoa chumvi.

Kudondoka kuna sababu kadhaa, na mara nyingi hukutana. Ukuta uliokwisha kupakwa rangi haushiki: saruji hushika rangi, na rangi ndiyo inayobanduka. Kwaruza hadi lipu ionekane, kisha iloweshe. Sahani za udongo, zile ambazo ukizivunja ndani huwa na rangi ya hudhurungi au nyeupe isiyong'aa, hunyonya maji kwa nguvu, na zikibandikwa zikiwa kavu huyavuta maji ya saruji kabla haijashika, ziloweke kwanza. Kaure hainyonyi, kwa hiyo yahitaji mgongo ulioenea saruji pote, si tone la katikati. Baada ya kazi, jua la Mombasa lisiguse ukuta huo kwa siku kadhaa: tundika magunia yaliyoloweshwa, kwa kuwa saruji hupata nguvu kwa kukaa na unyevu.

Kioo cha chupa kimegeuka cheusi kwa sababu mwanga unapita ndani yake na kuikuta saruji ya kijivu nyuma. Kibandike kwa saruji nyeupe na kijani kitarudi.

Na kwa kuwa unafanya kazi na watoto, ukataji uwe wa mtu mzima mwenye miwani ya kazi na barakoa, maana vumbi la vigae huharibu mapafu, na kulowesha kipande kabla ya kukikata hulipunguza. Makali yasuguliwe kwa jiwe la kunolea. Watoto wanaweza kupanga vipande darasani kwa njia ya karatasi: wanavigandisha kwa uji wa unga wa ngano, uso ukitazama karatasi, kisha wewe na fundi mnakandamiza karatasi nzima kwenye saruji mbichi ukutani, na saruji ikishika mnalowesha karatasi na kuibandua. Picha hutoka kinyume, kwa hiyo jina la shule liandikwe kwa kugeuzwa. Njia hii hupendelea vipande vilivyo bapa. Sahani zenye mbonyeo zibandikwe moja kwa moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepanga nyumba, na ukuta wa uani nimeupamba kwa vipande vya vyombo kwa mikono yangu. Mwenye nyumba anataka nibomoe. Ndugu zangu nao wanasema napoteza mshahara kwa takataka. Je, niendelee? — Mpangaji, Kigoma.

JIBU: Dada yetu, masikitiko yako nayaelewa, na mambo haya mawili ni afadhali tuyatenganishe.

Kuhusu takataka, jibu limekwisha kutolewa na watu wengi. Nek Chand alikuwa mkaguzi wa barabara katika mji wa Chandigarh, India, mji mpya uliojengwa baada ya vijiji kubomolewa. Kuanzia mwaka 1957 alikwenda kwa siri kwenye korongo lenye msitu na kupanga mawe yaliyomvutia kwa maumbo yake, kisha akaanza kuunda watu na wanyama kwa saruji na kuwavisha bangili, vyombo na masinki yaliyovunjika. Alifanya hivyo kwa takribani miaka 18 kwenye ardhi ya serikali ambako ujenzi ulikatazwa. Kazi ilipogunduliwa ingeweza kabisa kubomolewa, lakini watu waliitetea, na mwaka 1976 ikafunguliwa rasmi kwa umma. Mwenyewe akalipwa mshahara na kupewa vibarua ili aendelee. Mwaka 1984 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Bustani hiyo ipo mpaka leo na hutembelewa na watu wengi sana.

Minara ya Rodia ilipita njia ngumu zaidi. Mwaka 1955 alimpa jirani kiwanja akaondoka, na mwaka 1957 mji ulitoa amri ya kubomoa kwa hoja kwamba ni hatari. Vijana wawili walikinunua kiwanja kwa dola 3,000, na mwaka 1959 ukafanyika mtihani wa kuuvuta mnara kwa nguvu ya ratili 10,000, yaani zaidi ya kilo 4,500. Mnara haukutikisika kiasi cha kudhuru. Kilichopinda ni mtambo wa kuuvutia. Amri ikafutwa. Ufundi wa mtu asiyesoma uhandisi ndio uliomtetea, na ninaona fahari kulieleza hilo kila ninapoulizwa kama kazi za namna hii zina thamani.

Lakini Rodia na Isidore walijenga kwenye viwanja vyao wenyewe, na Nek Chand aliokolewa na bahati ambayo siwezi kukuahidi. Ukuta ni mali ya mwenye nyumba. Zungumza naye kwa heshima, mwombe aje auone ukiwa umesafishwa na kuoshwa, umweleze gharama ya kuubomoa na kupiga lipu upya, na akikataa, piga picha kila sehemu kwa karibu kabla ya kuvitoa vipande kimoja kimoja, kwa kuwa vingi vitafaa tena.

Kuanzia sasa fanya kazi kwenye mbao za saruji zinazohamishika. Zisizidi sentimita 60 kwa 60, kwa sababu kipande cha ukubwa huo kikikamilika hufikia kilo 10 au zaidi, na utakibeba mwenyewe siku ya kuhama. Plaiwudi ya kawaida usiitumie nje, kwani hunyonya mvua, hupinda, na vipande huachia. Tundu za kuning'inizia zitobolewe na skrubu zipite upande wa pili kabla hujabandika chochote. Panga mbao hizo ili mistari ya moja iingie kwenye inayofuata. Ukifika kwenye nyumba yako mwenyewe, zipachike zote pamoja kwenye ukuta mmoja na ujaze grauti kwenye maungio.